Kivinjari Kilishasasishwa, Kinakusubiri Wewe Tu

"Fundi, fanya yote, lakini yale masasisho usiyaguse. Niliyazima mwenyewe. Kivinjari (hii Chrome ninayofungulia tovuti) kinafanya kazi vizuri, siingii tovuti za ajabu ajabu, na isitoshe sina cha kuibiwa."

Maneno haya nimeyasikia kwa watu wengi kiasi kwamba mmoja akianza naweza kummalizia. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za watu, na wiki hii nimeimbiwa tena wimbo uleule. Naandika hapa ili wa kesho nimtumie kiungo, nipumzishe koo.

"Sina cha kuibiwa" sitaipotezea muda. Una barua pepe, na barua pepe ndiyo inayotumika kubadili nywila za akaunti zako nyingine zote. Tuendelee.

"Siingii tovuti za ajabu ajabu" naipa heshima kidogo, maana ni tabia nzuri. Ila haitoshi. Septemba 2023, tarehe 6, Apple na Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto inayochunguza udukuzi, waliripoti tundu la usalama, yaani kasoro ya programu inayompa mdukuzi mlango, lililokuja kupewa namba ya utambulisho CVE-2023-4863. Halikuwa kwenye tovuti yoyote. Lilikuwa kwenye libwebp, kipande cha programu ambacho vivinjari hutumia kufungulia picha za aina ya WebP. Picha ya WebP huja imebanwa, na ndani yake kuna majedwali ya Huffman yanayoeleza namna ya kuibanua. Libwebp ilikuwa ikitenga nafasi kwenye kumbukumbu kwa kuamini kwamba majedwali hayo hayawezi kuzidi ukubwa fulani. Mwenye hila akiunda picha yenye majedwali yaliyopotoshwa, data inafurika nje ya nafasi ile na kuandika juu ya vitu visivyoihusu. Hapo keshapata pa kuanzia. Hukubofya, hukupakua, hukukubali chochote. Picha imeonyeshwa tu, na picha inaweza kuja ndani ya tangazo kwenye tovuti ya habari unayoiamini kuliko zote. Chrome ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, tarehe 11, Firefox tarehe 12, na Google ilitamka wazi kwamba wapo waliokuwa tayari wanalitumia tundu hilo.

Sasa "kinafanya kazi vizuri". Kinafanya, sikatai! Libwebp ilipokuwa na tundu, picha zilifunguka bila kukwama, rangi zote mahali pake. Tundu la usalama haliji na mlio wala skrini kuganda. Anayesubiri kivinjari kianze kuharibika ndipo akisasishe anasubiri dalili ambayo ugonjwa huu hauna.

Halafu kuna hili la kukatizwa, ambalo ndilo linalofanya watu wakazima masasisho. Hapa naomba utulivu, kwa sababu lawama nyingi zinaelekezwa kusiko. Kwa kawaida sasisho lenyewe hulioni. Chrome imekuwa ikijisasisha kimyakimya tangu ilipotoka mwaka 2008: inapakua chinichini, inasakinisha chinichini. Kile kitufe cha kukuomba uiwashe upya kinapotokea pembeni, kazi imeshaisha kwenye diski. Kilichobaki ni kwamba programu inayokimbia kwenye kumbukumbu ni ile ya zamani, na itabaki hivyo mpaka uifunge. Kwenye Windows utakuta faili la new_chrome.exe limekaa jirani na chrome.exe likingoja zamu yake, kwa sababu Windows haikubali faili linalotumika liandikwe juu. Kwa hiyo kiraka unacho. Umekilipia kwa bando lako. Kimelala kwenye diski, hakikukingi na lolote.

Ukurasa unaotukanwa kuliko yote ni ule wa Firefox unaokatalia kufungua kichupo kipya mpaka uiwashe upya. Uko kwenye anwani about:restartrequired, na hata mimi umeshanikera nikiwa katikati ya kazi. Lakini sikiliza kinachoendelea. Kwenye mfumo wa Linux, kidhibiti vifurushi, yaani programu inayosakinisha na kusasisha programu nyingine, kinaweza kubadilisha mafaili ya Firefox huku yenyewe ikiwa wazi. Mchakato mama, yaani sehemu kuu ya kivinjari inayoendesha nyingine, unaendelea na toleo la zamani lililoko kwenye kumbukumbu. Unafungua kichupo kipya, mchakato mama unahitaji mchakato mtoto, unaenda kuuanzisha kutoka kwenye diski, na kule anatoka mtoto wa toleo jipya. Hawa wawili huzungumza kwa ujumbe wa ndani ambao muundo wake huweza kubadilika kati ya toleo na toleo. Wakilazimishwa kuongea bila kuelewana, kivinjari kinaanguka au data inapotoshwa. Firefox inaangalia, inaona hawafanani, inagoma. Wengine huona huo ni ukorofi. Mimi naona ni uungwana wa kusema mapema kuliko kuanguka kimya.

Chrome kwenye Linux inakwepa tatizo hili kwa mchakato uitwao zygote, unaowashwa mwanzoni kabisa na kisha kujigawa kuzaa watoto wote, hivyo watoto wote ni wa toleo la zamani hata diski ikiwa imebadilika. Ni ufundi safi sana. Hukatizwi. Na ndiyo maana unaweza kukaa wiki tatu na tundu lililozibwa kila mahali isipokuwa kwako. Kipi bora kati ya hivyo viwili? Sijaamua, na huwa nabadilika kulingana na nani kaniudhi siku hiyo.

"Lakini mimi hufunga kila siku." Hapana. Unafunga dirisha. Kwenye Mac, kufunga dirisha hakufungi programu. Ile nukta chini ya ikoni inakuambia bado ipo. Kwenye Windows, Chrome ina mpangilio unaoiruhusu kuendelea chinichini baada ya madirisha yote kufungwa. Na walio wengi hawafungi hata hilo dirisha, wanashusha kifuniko cha kompyuta ya mpakato, inalala, kesho inaamka na vichupo vilevile 60, kimojawapo mapishi ya tangu mwaka jana. Kile kitufe cha Chrome kina rangi kwa sababu hiyo: kijani, kiraka kimekaa chini ya siku mbili, chungwa, kama siku nne, nyekundu, wiki au zaidi. Nikifungua kompyuta ya mtu nikakuta nyekundu, namuuliza, naye anajibu alidhani ni mapambo.

Watu wakitaka kunisaidia kwenye mjadala huu huleta methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawashukuru, ila methali hii inapotosha hapa. Ufa wa ukuta unakua polepole na unauona. Tundu la programu halikui hata chembe. Siku ya kwanza na siku ya mia ni lilelile. Kinachokua ni idadi ya wanaolijua, na kinachowajulisha ni kiraka chenyewe.

Hili ndilo ningependa lisomwe mara mbili. Msimbo wa Chromium, yaani maandishi ya programu ambayo Chrome imejengwa juu yake, uko hadharani. Mabadiliko ya kuziba tundu yanaingia humo kabla kiraka hakijawafikia watumiaji wote. Mtu mwenye ujuzi anayafungua, anaona mistari iliyoongezwa, anajiuliza walikuwa wanazuia nini, kisha anarudi nyuma kutengeneza shambulio la wale ambao bado hawajawasha upya. Kabla ya kiraka kutoka, tundu linajulikana kwa wachache, na wachache hao hulitunza kwa watu wakubwa, si kwa mimi na wewe. Kiraka kikishatoka, limekuwa mali ya umma. Kwa hiyo siku hatari zaidi kuchelewa ni hizi za mwanzo baada ya kitufe kutokea, zilezile ambazo wewe unabofya "baadaye". Google wenyewe walieleza kwamba pengo kati ya msimbo kurekebishwa na kiraka kumfikia mtumiaji lilikuwa wastani wa siku 35, likashuka hadi 15 kuanzia toleo la 77. Agosti 2023, kuanzia toleo la 116, wakahamia viraka vya usalama vya kila wiki. Ukiuliza kwa nini kinasumbua sana siku hizi, jibu ndilo hilo: wanakimbizana na wasomaji wa msimbo wao.

Haya, na mimi nina mashaka yangu.

La kwanza ni kwamba tumewazoesha watu kuchukia. Sasisho moja linakuja na kiraka unachokihitaji pamoja na kitu usichokiomba: vitufe vimehamishwa, ukurasa wa mwanzo umejazwa vikolombwezo. Chrome ilipohamia Manifest V3, kanuni mpya za viendelezi (programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari), waliotumia uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, walijikuta kimezimwa, na hawakuweza kubaki nacho bila kubaki pia na matundu. Ukinihoji kwa nini mtu huyo asikasirike, sina jibu la kumpa. Firefox ina tawi la ESR, ambalo hupewa viraka vya usalama huku mabadiliko makubwa yakisubiri karibu mwaka mzima. Nashangaa kwa nini liko kama siri ya maofisi.

La pili, viraka huharibu. Julai 2023 Apple walitoa kiraka cha haraka cha WebKit, injini ya kivinjari chao Safari, kwa iPhone, kikaongeza herufi kwenye jina ambalo Safari hujitambulisha nalo, na baadhi ya tovuti kubwa zikaacha kuitambua. Kikaondolewa, kikatoka kingine siku mbili baadaye. Anayesema masasisho hayana hatari anakuuzia kitu.

La tatu ni la unyonge zaidi. Nimeshika mashine zenye vivinjari vya zaidi ya mwaka mmoja bila sasisho, na sikukuta tatizo lolote. Sikukuta mimi. Sina uhakika ningekuwa nimeliona kama lingekuwepo.

Kuhusu kupoteza kazi: vichupo hurudi. Andika chrome://restart kwenye sehemu ya anwani ujionee. Visivyorudi ni madirisha ya hali fiche (incognito), na fomu uliyoijaza nusu usiitegemee hata kidogo. Maliza fomu, kisha washa upya. Si lazima iwe sekunde ileile, iwe leo.

Nimalizie na lile ambalo chuki hii inalilisha, masasisho ya uongo. Kundi la programu hasidi liitwalo SocGholish limeishi kwa mbinu hii: linavamia tovuti halali, unaifungua, ukurasa unakuambia kivinjari chako kimepitwa na wakati, bofya upakue. Unachopakua si kivinjari. Aliyezoea kubofya chochote ili kero iishe atabofya na hiki. Tofauti ni rahisi: kivinjari cha kweli hakikuombi upakue faili kutoka kwenye ukurasa wa tovuti. Kinaonyesha alama kwenye upau wake, karibu na menyu. Hata ule ukurasa mchungu wa Firefox, japo unatokea ndani ya kichupo, hauna cha kupakua, una kitufe cha kuwasha upya tu. Ukiwa na shaka, usiguse ukurasa. Fungua menyu, nenda Msaada, kisha Kuhusu. Kivinjari kitajikagua chenyewe hapohapo. Kikisema kiko kwenye toleo la karibuni, lile tangazo lilikuwa la uongo, na hicho kichupo kifunge.