Gamba halina kosa: dhana potofu kuhusu konokono wa kichocho Mwanza

Kwenye mialo ya Igombe na Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, huwezi kukosa vigamba mchangani. Mtoto akiviokota, mama atamkemea: "Tupa huko, utaugua kichocho!" Robo saa haijaisha, mtoto yuleyule anatumwa maji, na ili asichote tope anaingia ziwani hadi mapajani.

Gamba tupu lililokaukia mchangani halina kichocho. Vimelea hukua ndani ya konokono aliye hai, humtoka hasa jua likiwa kali, huogelea, kisha hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu na kukua kuwa minyoo mwilini. Konokono mmoja anaweza kutoa maelfu kwa siku. Haumi wala hachomi. Unaweza kuambukizwa bila kumtia machoni.

Wala si kila konokono. Yule mrefu mwenye ncha kama parafujo hausiki. Anayehusika ziwani anaitwa Biomphalaria: gamba dogo, bapa, limejiviringa kama ngata ya kubebea ndoo. Utotoni tulimponda kwa jiwe, na kwa kuwa alitoa uwekundu tuliapa kwamba kanyonya damu ya waogaji. Masikini, tulimsingizia! Damu ile ni yake mwenyewe. Ina himoglobini kama yetu, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, jambo adimu kwa konokono, na humsaidia kupata oksijeni kwenye maji mazito ya matete. Chakula chake ni mwani na majani yanayooza. Tena kila mmoja ni dume na jike, na akibaki peke yake bado anaweza kutaga mayai yakaanguliwa. Kwa hiyo anayedhani tutawaokota mpaka waishe ana kazi.

Halafu tunasema konokono ndiye mwenye ugonjwa. Hazaliwi nao. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha binadamu, huanguliwa majini, na vinavyoanguliwa humwingia konokono; baada ya wiki kadhaa ndipo anaanza kutoa vimelea. Mwalo usio na choo unamwambukiza yeye kwanza.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: "Sikojoi damu, basi sina." Kichocho cha mkojo huku kwetu ni cha madimbwi na malambo ya mbali na ziwa, na hubebwa na konokono mwingine, Bulinus. Cha ziwani ni cha tumbo. Mayai hukwama kwenye ini, wengu huvimba, na baada ya miaka mtu anaweza kutapika damu ilhali mkojo wake haukuwahi kubadilika rangi. Kinachopimwa hapo ni choo kikubwa.

 

Vidonge vya kichocho navyo vinachukuliwa kama chanjo. Dawa hiyo, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, haizuii mingine kuingia. Maji ya kuoga yakichotwa bila konokono na kukaa kwenye pipa siku mbili, vimelea hufa vyenyewe. Lakini aliyemeza vidonge asubuhi akaoga ziwani wiki inayofuata, ameanza upya.