Mng'ao kwenye kisoma vitabu: maswali na majibu

Nilinunua Kindle kwa kuwa niliambiwa haichoshi macho. Mbona naona taa ya sebuleni juu ya maandishi?

Skrini ya wino wa kielektroniki haitoi mwanga kama ya simu. Ndani yake mna chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme, nawe unazisoma kwa mwanga unaozigonga na kukurudia. Kinachong'aa ni tabaka la juu. Vifaa vingi vya awali vilikuwa na uso mkavu, yaani usiong'aa, uliozama kidogo ndani ya fremu. Matoleo mengine, kama Kindle Paperwhite tangu ile ya 2018, yana uso ulionyooka hadi ukingoni: ni rahisi kuufuta vumbi, lakini huakisi taa kwa urahisi zaidi.

Nianze na nini?

Anza na taa, kabla hujatoa hata shilingi. Mwanga huruka kwa pembe ileile ulioingia nayo, kwa hiyo balbu iliyo nyuma ya kisogo chako itakurudia machoni moja kwa moja. Taa ikae ubavuni, juu ya bega. Dirisha nalo liwe upande, lisiwe mgongoni. Kama huna uhakika mng'ao unatoka wapi, laza kioo kidogo cha kujitazamia juu ya skrini, ushike kifaa kama unavyosoma. Taa utakayoiona kwenye kioo ndiyo mkorofi. Isogeze, ifunike kwa kivuli cha taa, au inamisha kifaa hadi ipotee.

Je, taa ya ndani ya kifaa niiongeze?

Juani izime kabisa, maana wino huo husomeka vizuri zaidi nje. Usiku weka karatasi nyeupe kando yake: skrini ikiipita karatasi kwa weupe, punguza. Kwenye kishikwambi cha kawaida mambo ni tofauti, mwanga hafifu huacha mng'ao utawale, hivyo mchana utalazimika kuuongeza. Na wanaokimbilia maandishi meupe juu ya weusi wajue kuwa kioo kinachong'aa, kikiwa cheusi, huonyesha taa na hata sura yako vizuri zaidi.

Protekta isiyong'aa inasaidia?

Ndiyo, kwa uso wa kioo. Huutawanya mwanga hivi kwamba badala ya balbu unaona ukungu hafifu, ingawa herufi hupoteza ukali kidogo. Kwenye uso ambao tayari ni mkavu ni pesa ya bure. Futa kwanza mafuta ya vidole kwa kitambaa laini.

Mng'ao unaharibu macho?

Hauachi madhara ya kudumu. Unakufanya ukunje uso na upinde shingo kukwepa taa, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Jambo jingine ni kupepesa: kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, na akizama kwenye kusoma idadi hushuka sana. Macho hukauka, hasa feni ikikupuliza usoni. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu iache dukani. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, American Academy of Ophthalmology, hakiipendekezi kwa kazi za skrini.

Ni lini nimwone daktari?

Mwanga ukikusumbua kila mahali, na taa za magari usiku zikionekana zimezungukwa na duara, huenda ni mtoto wa jicho. Jicho likiwa jekundu, linauma sana, unaona ukungu na unahisi kichefuchefu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa presha ya macho ya ghafla. Na kama umevuka miaka 40 na kila mwezi unaongeza mwanga ili uone maandishi, kapime macho upewe miwani ya kusomea. Kwa sasa kuza herufi, jambo ambalo kitabu cha karatasi hakikuruhusu.