Bett, Brom na wakili wa Sheffield

Kila mwaka tunapofika kwenye somo la utumwa na sheria, huwa naanza na karatasi moja ya mahakama. Ni ya Agosti 1781, kutoka Great Barrington, mji mdogo katika kaunti ya Berkshire, magharibi mwa Massachusetts. Wadai ni wawili, Brom na Bett, wote watumwa. Mdaiwa ni bwana wao, Kanali John Ashley. Wakili wa wadai ni Theodore Sedgwick, mwenye umri wa miaka 35, mkazi wa mji jirani wa Sheffield.

Miaka 18 baadaye huyu Sedgwick aliketi kwenye kiti cha Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani. Hata hivyo mimi humfundisha kama wakili wa mji mdogo, kwa kuwa naamini kesi hii ilizaliwa kwenye udogo wa mji wenyewe.

Alizaliwa mwaka 1746 huko West Hartford, Connecticut. Baba yao alifariki mapema, na kaka yake John ndiye aliyehangaika kumlipia masomo ya Yale. Alianza kusomea uchungaji, akauacha, akaenda kujifunza sheria kwa jamaa yake Mark Hopkins, wakili wa Great Barrington. Enzi hizo ndivyo mtu alivyopata uwakili: unakaa na mzoefu, unanakili hati zake, unasoma vitabu vyake, unamfuata mahakamani. Mwaka 1766 Sedgwick akaruhusiwa kusimamia kesi. Kazi za wakili wa mji kama ule hazikuwa mbali na zile zinazomfikia wakili wa wilayani leo: madeni, mipaka ya mashamba, mirathi.

Januari 1773 wakubwa wa Sheffield walikutana nyumbani kwa Ashley kuandika malalamiko yao dhidi ya serikali ya Uingereza. Ashley alikuwa tajiri wa pale, mwenye ardhi kubwa, na kwa miaka mingi jaji wa mahakama ya kaunti. Karani wa kamati alikuwa Sedgwick. Waliandika kwamba wanadamu katika hali yao ya asili wako sawa na wako huru, na wana haki ya kufaidi maisha yao, uhuru wao na mali zao bila kubughudhiwa. Nyumba hiyo ipo hadi leo. Aliyekuwa akifagia sakafu zake na kuwasha moto wake ni Bett, ambaye hakuwa na uhuru wala mali.

Mwaka uliofuata mahakama za Berkshire zikafungwa. Wananchi walikataa kesi kusikilizwa mpaka jimbo lipate katiba iliyoridhiwa na watu, na hali ikabaki hivyo hadi 1780. Sedgwick alipingana nao. Katika miaka hiyo alitumika kwa muda kama katibu wa Jenerali John Thomas kwenye kampeni ya kijeshi ya Kanada ya 1776, wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, kisha akaingia kwenye siasa za jimbo. Katiba ilipopatikana mwaka 1780, ibara yake ya kwanza ilitamka kwamba watu wote wanazaliwa huru na sawa.

Nyumbani kwa Ashley kulikuwa na jambo jingine. Kwa masimulizi yaliyohifadhiwa na familia ya Sedgwick, Hannah, mke wa Ashley, alipandwa na hasira siku moja, akanyakua koleo la jikoni lililotoka motoni, akalielekeza kwa Lizzie, mdogo wake Bett. Bett akakinga kwa mkono wake. Kovu lilibaki, na hakulifunika. Mgeni akimuuliza mbele ya Hannah mkono umepatwa na nini, alijibu: "Muulize bibi."

Basi Bett akaenda kwa Sedgwick. Hakujua kusoma, lakini masikio alikuwa nayo, na maneno ya uhuru na usawa alikuwa ameyasikia yakisemwa na kusomwa. Aliuliza kama sheria haimhusu na yeye. Tafakari nani alikuwa anaulizwa: karani yule yule wa kikao cha 1773, mtu aliyemfahamu Ashley vizuri na ambaye angeendelea kukutana naye kanisani na barabarani kesi ikiisha.

Hapa ndipo huwa nawaomba wanafunzi waangalie ufundi. Sedgwick angeweza kudai fidia ya kipigo. Bett angepata shilingi chache, kisha angerudi jikoni kwa Hannah. Badala yake aliomba amri ya kumtaka sherifu awatoe Bett na Brom mikononi mwa Ashley kwa madai kwamba anawazuia isivyo halali. Ashley akakataa kuwaachia, akajibu kwamba hao ni watumishi wake wa maisha. Jibu hilo ndilo Sedgwick alilolihitaji. Kesi haikuwa tena ya koleo wala ya ukali wa bibi mmoja. Swali lililofika mahakamani likawa: je, chini ya katiba mpya, mtu anaweza kisheria kuwa mtumwa wa mwenzake maisha yake yote?

Kwa nini Brom naye? Wapo wanaosema wakili aliogopa kesi ya mwanamke peke yake ingeyumba, kwa kuwa hadhi ya wanawake mahakamani ilikuwa finyu. Mimi naona hoja hiyo ina uzito. Sedgwick pia alimwita Tapping Reeve wa Litchfield asimame naye, mmoja wa walimu wakubwa wa sheria wa kizazi kile.

Jopo la raia likaamua kwamba Brom na Bett si watumishi wa Ashley wa maisha kisheria, na kwamba hawakuwa hivyo hata siku amri ya kwanza ilipoombwa. Ashley akaagizwa kulipa fidia ya shilingi 30 pamoja na gharama za kesi. Alikata rufaa, kisha akaiacha. Bett akajiita Elizabeth Freeman, akakataa kurudi kwa Ashley hata kwa mshahara, akaenda kufanya kazi nyumbani kwa Sedgwick. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Ningependa hadithi ya wakili wetu iishie hapo, ila haikuishia hapo. Alihamia Stockbridge, na wakulima waliolemewa na madeni walipoasi katika uasi wa Shays, kundi lao lilivamia nyumba yake Februari 1787. Yeye hakuwepo. Bett ndiye aliyewakabili na kuficha vyombo vya fedha vya familia kwenye sanduku lake. Toka 1789 Sedgwick alikuwa Bungeni, kisha Seneti, kisha Spika. Mkewe Pamela alibaki nyumbani na watoto, akimsihi kwa barua arudi, akili yake ikizidi kuugua mwaka hadi mwaka. Bett ndiye aliyeweza kumtuliza.

Na mwaka 1791, mtu aliyeandika madai ya Brom na Bett alikaa kwenye kamati ya Bunge iliyotunga muswada wa kuwarudisha watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Muswada ule haukupita, lakini sheria ya namna hiyo ilipatikana mwaka 1793 kupitia Seneti. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linaniuma. Maelezo ninayoyaona ni kwamba mahakamani Sedgwick alikuwa na mteja mbele yake, mwenye kovu mkononi. Bungeni alikuwa na muungano wa majimbo wa kuulinda, na watoro hawakuwa na wakili chumbani.

Alifariki Boston Januari 1813 akiwa jaji wa mahakama ya juu ya Massachusetts. Bett aliishi hadi Desemba 1829 na akazikwa Stockbridge ndani ya makaburi ya familia ya Sedgwick. Kwa mshahara wake alikuwa amenunua nyumba na ardhi. Miezi michache kabla ya kufa aliandikiwa wosia wa kugawa alivyokuwa navyo kwa kizazi chake, na kwa kuwa hakujua kuandika, aliutia alama kwa mkono wake.