Bitana ya dohani ni nini, na kwa nini nyumba ya zamani ya mlimani huhitaji zaidi ya bitana mpya

Dohani ya matofali ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Kuna mwili wa nje, ule ukuta wa matofali au mawe unaopanda kutoka kwenye msingi hadi juu ya paa. Halafu kuna bitana, mrija wa ndani unaopitisha moshi na gesi kutoka kwenye meko, jiko la kuni, hita ya maji au boila (mtambo wa kupasha nyumba joto) mpaka nje. Mwili unabeba uzito na kukabili upepo na mvua. Bitana inakabili joto, tindikali na sumu. Kwa hiyo mwenye nyumba akiambiwa kwamba dohani yake imeharibika, la kwanza kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kimeharibika. Na kama nyumba ni ya zamani na imejengwa kwenye mteremko, kuna la pili ambalo mafundi wengi hawaligusi: ardhi iliyo chini ya dohani imetulia au bado inasogea?

Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa bitana kabisa. Waashi walipaka plasta ya chokaa ndani ya tundu la moshi, pengine wakiichanganya na samadi ya ng'ombe ili isipasuke haraka, basi. Huko England na Wales, dohani zilizojengwa kabla ya kanuni za ujenzi za mwaka 1965 kwa kawaida hazina kingine zaidi ya plasta hiyo, na baada ya miaka mingi ya moshi imegeuka unga na kudondoka. Hatari yake ilipimwa zamani. Katika miaka ya 1940, National Bureau of Standards, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, ilijaribu dohani zisizo na bitana, na joto lilipenya ukuta kwa kasi kiasi kwamba mbao zilizo jirani zilishika moto ndani ya saa tatu na nusu. Ndiyo maana kanuni za Marekani hudai nafasi ya sentimita 5 kati ya dohani iliyo ndani ya nyumba na mbao yoyote. Katika nyumba ya zamani mara nyingi nafasi hiyo haipo: unakuta boriti ya sakafu imechomekwa kwenye ukuta wa dohani kabisa.

Kuzuia joto ni kazi moja ya bitana. Nyingine ni kuzuia gesi, hasa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na hupenya kwenye ufa mwembamba hadi chumba cha kulala cha ghorofa ya juu bila mtu kujua. Ila kazi inayosahaulika kuliko zote ni ya vipimo. Dohani huvuta kwa sababu hewa ya moto iliyo ndani yake ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje. Tundu likiwa pana mno kwa kifaa kilichounganishwa nalo, moshi hupanda polepole, unapoa njiani, na kilichokuwa mvuke kinageuka majimaji ukutani. Moshi wa kuni ukishuka chini ya nyuzijoto 120 hivi huacha kreosoti, utando mweusi unaoshika moto. Gesi nayo, ambayo watu huiona safi, hutoa maji mengi ajabu: kilo moja ya methani, sehemu kuu ya gesi asilia, ikiungua huzaa kilo mbili na robo za maji. Maji hayo hubeba tindikali na kulainisha mota, yaani chokaa au saruji inayoshikanisha matofali, kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Hali hii hutokea sana pale boila kuukuu inapobadilishwa kwa boila ya kisasa inayotoa gesi zake kwa bomba la plastiki ukutani. Hita ya maji inabaki peke yake kwenye dohani kubwa iliyopimwa kwa ajili ya vifaa viwili. Joto lake halitoshi kupasha tundu lote. Baada ya misimu michache madoa ya unyevu yanatokea kwenye ukuta wa chumba cha juu, na mwenye nyumba anamwita fundi wa paa, wakati tatizo ni bitana pana kupita kiasi.

Tuje kwenye mteremko wenyewe, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa kawaida unapopungua.

Kuna kanuni inayojulikana ya urefu: dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea kwenye paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. Kanuni hiyo inaangalia paa. Haiangalii kilima kilichosimama nyuma ya nyumba, wala miti na nyumba ya jirani wa juu ambayo msingi wake uko usawa wa paa lako. Upepo ukivuka kilima hushuka na kujipindua, na huweza kusukuma moshi urudi ndani hata kama bitana ni mpya na safi. Usiku hewa baridi nayo huteleza kufuata mteremko na kuizunguka dohani iliyo nje ya nyumba, ikaipoza kabla moto haujawashwa. Mtu akilalamika kwamba moshi hurudi jioni tulivu lakini si mchana, ningeanza hapo kabla ya kulaumu bitana.

Nyumba za mteremkoni pia huwa na ghorofa ya chini iliyozikwa nusu upande wa juu na kuwa wazi upande wa bonde. Meko ikiwekwa kwenye ghorofa hiyo, inashindana na nyumba nzima. Hewa ya joto ndani ya nyumba hupanda na kutokea kwenye nyufa za dari, na nafasi yake inajazwa kutoka chini. Kama mdomo wa dohani uko chini kuliko dari ya juu kabisa, kwa mfano dohani iliyo kwenye kipande cha nyumba chenye paa fupi, nyumba ndiyo inayoshinda: hewa ya nje inashuka kwenye dohani ikija na moshi.

Jambo zito zaidi ni msingi. Kiwanja cha mteremko mara nyingi husawazishwa kwa kuchimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Nusu ya nyumba inakaa kwenye ardhi ngumu, nusu kwenye kifusi. Dohani ya nje ikijengwa upande wa bonde, tani kadhaa za matofali zinakaa kwenye kipande kidogo cha msingi, tena juu ya udongo ulio dhaifu kuliko wote kiwanjani. Miaka inapita, udongo unashuka, na dohani inaanza kuachana na nyumba. Pengo linajitokeza kati yake na ukuta, jembamba chini na pana juu. Wengi hulijaza kwa silikoni au saruji na kulipaka rangi. Hilo linanisikitisha, maana pengo lile ndilo lililokuwa linatoa taarifa, na sasa limezibwa mdomo.

Dohani iliyoinama isihukumiwe kabla ya kushusha timazi kutoka juu na kupima umbali wa uzi kutoka ukutani kila baada ya mistari kadhaa ya matofali. Kama umbali unaongezeka kwa usawa kuanzia chini kabisa, dohani yote imeinama na tatizo liko ardhini. Kama imenyooka hadi usawa wa paa kisha ikaanza kupinda, msingi ni mzima. Hapo mota ndiyo imefura, kwa kuwa salfati, chumvi zitokanazo na moshi, hukutana na maji ya mvua ndani ya mota yenye saruji na kuivimbisha. Upande unaopigwa na mvua zaidi unarefuka, na dohani inainamia upande mwingine. Dohani hizi mbili zinafanana ukizitazama kutoka barabarani, lakini tiba zake hazifanani hata kidogo: moja inahitaji mhandisi wa udongo, nyingine inahitaji mwashi wa sehemu ya juu ya paa tu. Kwa nyufa, weka alama ya penseli kwenye ncha zake pamoja na tarehe, kisha urudi baada ya msimu wa mvua. Ufa uliopita alama yake bado unatembea.

Dalili za bitana ni nyingine. Fungua kijilango cha kusafishia kilicho chini ya dohani. Vipande vyembamba vya udongo wa kuchomwa, vyenye rangi ya chungu upande mmoja na weusi upande mwingine, ni maganda ya vigae vya bitana, ile mirija mifupi ya udongo inayopangwa mmoja juu ya mwingine. Mchanga mchanga ni mota ya viungo vyake. Chumvi nyeupe inayochanua kwenye matofali kwa nje inaonyesha kwamba maji yanapita ukutani. Baada ya hapo kamera ndogo ishushwe kutoka juu hadi chini. Vigae huwa vya urefu wa sentimita 60 hivi, na kila kiungo kitazamwe: kigae kilichosogea hata kidogo huacha ukingo ambao masizi hukaa na gesi hutokea. Moto wa dohani unaweza kupita nyuzijoto 1,000, na kigae kilichopashwa upande mmoja kwa ghafla hupasuka kwa wima kutoka juu hadi chini. Kama dohani iliwahi kuwaka moto, hata mara moja, hata zamani, kamera si hiari.

Bitana ikiwa ndiyo mbovu na mwili hauna kasoro, kuna njia za kuibadilisha bila kubomoa ukuta. Inayotumika zaidi ni bomba la chuma kisichoshika kutu, linalonyumbulika, linaloshushwa kutoka juu na kuunganishwa na kifaa chini. Kwa kuni huchaguliwa chuma cha daraja la 316 au bora zaidi. Alumini hufaa kwa baadhi ya vifaa vya gesi tu, kamwe si kwa kuni. Vigae vya zamani mara nyingi huvunjwa kwanza kwa mashine ya kuzunguka ili kupata nafasi ya bomba pamoja na kihami joto, na kihami hicho ningekisisitiza kwenye dohani yoyote ya nje upande wa bonde, kwa sababu ya ubaridi niliokwisha kuueleza. Njia nyingine ni kuingiza mpira mrefu ndani ya tundu, kuujaza hewa, kumimina zege jepesi linalostahimili joto kuuzunguka, kisha kuutoa zege likishika. Njia hii hufuata kona za dohani iliyopinda na kuuongezea ukuta nguvu kiasi. Haisimamishi dohani inayoshuka na ardhi. Hakuna bitana inayofanya hivyo.

Mwili ukiwa ndio mbovu, swali ni kubomoa hadi wapi. Uharibifu wa mvua huishia juu ya paa, hivyo kujenga upya kuanzia pale hutosha. Uharibifu wa ardhi hudai kubomoa hadi chini na kuweka msingi mpya unaofika kwenye udongo mgumu, wakati mwingine kwa nguzo zilizozamishwa ardhini. Penye matetemeko kuna sababu ya tatu. Katika tetemeko la Loma Prieta la 1989, la Northridge la 1994 na la Canterbury, New Zealand, la Septemba 2010, dohani za matofali zisizo na nondo zilianguka kwa wingi, na hukatika zaidi usawa wa paa. Katika maeneo kama hayo nisingerudisha matofali juu ya paa. Bomba la chuma la kuta mbili lenye kihami katikati, likizungushiwa fremu nyepesi, hufanya kazi ileile bila kuweka tani za mawe juu ya vichwa vya watu.

Anayejenga upya kwa matofali ya zamani aangalie mota. Matofali laini yaliyojengwa kwa chokaa hayapatani na saruji ngumu: maji hushindwa kutoka kupitia kwenye viungo, yanatokea kwenye uso wa tofali, na uso huo unabanduka. Kichwa cha zege kilicho juu kiteremke pande zote, kizidi ukuta kwa sentimita 5 hivi ili maji yadondoke mbali, na kiachiwe nafasi kuzunguka bitana, kwa maana bitana hurefuka kwa joto na itakipasua kikiibana. Nyuma ya dohani pana, upande wa juu wa paa, kijengwe kijipaa kidogo cha kugawa maji, kwani maji na majani hukusanyika hapo. Jukwaa la ujenzi nalo lipangwe mapema. Upande wa bonde huenda likahitaji kupanda ghorofa tatu kutoka kwenye ardhi isiyo sawa, na gharama yake pekee hufanya iwe busara kumaliza kichwa, matofali na bitana kwa mpandisho mmoja.

Bitana iwekwe mwisho, baada ya mwili kutulia. Kisha moto uwashwe huku madirisha yamefungwa na feni zote za jikoni na bafuni zikifanya kazi, kwa kuwa ndivyo nyumba inavyoishi. Moshi ukirudi hapo, kabla ya kugusa bitana jaribu kufungua dirisha la ghorofa ya chini. Ukikoma, nyumba inakosa hewa, na dawa ni kuuletea moto hewa yake kutoka nje. Usipokoma, tazama juu: dohani inahitaji urefu zaidi, au kifuniko cha kuzuia upepo unaoshuka kutoka kilimani.