Skana inagoma ukisogea mbali? Tatizo sio leza

Jamani, tangu tuanze kampeni ya ukaguzi wa skana za bakodi (ile mistari inayochapwa kwenye bidhaa) malalamiko yamezidi na karibu yote yanafanana, ati inasoma vizuri ikiwa karibu ila ukirudi nyuma kidogo inagoma, wengine kwao ni kinyume, mbali inasoma ila ukiisogeza hadi kwenye bakodi inakataa. Halafu kila mtu anamalizia na ombi lilelile, tuongezeeni nguvu ya leza. Haiwezekani. Leza za daraja la 2 (kundi la usalama la leza dhaifu, kama za skana hizi), mwanga unaoonekana, mwisho wake ni miliwati 1, na ukomo huo upo kulinda macho ya watu, hatuuvuki hata ukituandikia barua tatu.

Shida iko kwenye mwanga unaorudi. Leza ikigonga karatasi mwanga unatawanyika kila upande na skana inaokota kiasi kidogo tu. Ukitoka sentimita 10 ukaenda mita 1 umbali umeongezeka mara 10, ila mwanga unaokusanywa umepungua mara 100. Sasa sensa (kifaa cha ndani kinachopokea mwanga) hiyohiyo inatakiwa isome ule mwingi wa karibu bila kuzidiwa na ule mchache wa mbali bila kuupoteza.

Ndiyo maana wanaotengeneza skana wanahangaika na ukusanyaji. Wanaweka kioo mbonyeo kikubwa kinachocheza pamoja na miale, hivyo sensa inaangalia pale leza ilipo tu, na filta inayopitisha wekundu wa leza na kuzuia taa za chumbani. Mimi kinachonifurahisha zaidi ni lenzi ya kanda, sehemu kubwa imelengwa mbali na kipande kidogo kimelengwa karibu, kwa hiyo bakodi ikiwa karibu mwanga mwingi unatawanyika nje ya sensa na kinachobaki kinatosha, kinachopungua hapo geini ya otomatiki (ukuzaji wa ishara unaojirekebisha wenyewe) inamalizia. Skana za kamera, zinazopiga picha ya bakodi badala ya kutumia leza, zina yake, ukifungua tundu la lenzi unapata mwanga mwingi ila masafa ya kusoma vizuri yanakuwa finyu.

Utaratibu sasa, na tafadhali ufuatwe kama ulivyo. Zima kifaa, futa dirisha kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili kidogo (usimwagie dirishani!), subiri likauke, washa, jaribu bakodi moja safi kwa umbali tatu, karibu, katikati na mbali, mara kumi kila umbali, andika zilizosoma na zilizogoma, weka tarehe na namba ya kifaa kwenye fomu ndipo utuletee. Fomu isiyo na namba ya kifaa inarudishwa. Anayefungua skana mwenyewe anapoteza waranti, na kifaa kinatolewa kazini mpaka kikaguliwe upya, kwa sababu lenzi ikihama hata kidogo sana mpangilio wote umeharibika na usalama wa leza hatuwezi tena kuuthibitisha. Hili tumelisema mara nyingi mno.

Na kabla hujajaza fomu angalia bakodi yenyewe. Mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe haisomeki kwa leza nyekundu, kwake yote ni nyeupe, hapo skana haina kosa lolote. Kwenye plastiki inayong'aa usielekeze skana wima kabisa, ilaze kidogo pembeni, maana ule mng'ao ukirudi moja kwa moja unaifunika mistari yote.