Nani alikufanya mwalimu? Dhana potofu kuhusu ualimu na majibu ya tafiti

Huku Nyanda za Juu Kusini kila mtu ana nadharia yake kuhusu walimu. Mkulima wa parachichi Rungwe anayo, bodaboda wa Mafinga anayo, na mwalimu mwenyewe, ofisini na rundo la madaftari mbele yake, anayo kali kuliko ya hao wote. Watafiti nao wamekuwa wakizichunguza nadharia hizi kwa miongo kadhaa, katika eneo linaloitwa utambulisho wa kitaaluma wa mwalimu: mtu hujionaje kuwa mwalimu, nani humkubali hivyo, na hayo yanaleta tofauti gani anaposhika chaki. Nyingi hazikusimama.

"Ualimu ni kipaji, mtu anazaliwa nao"

Maneno haya husemwa kwa nia ya kumsifu mwalimu, kumbe yanamnyang'anya jasho lake lote. Mwaka 2000 msomi wa Marekani, James Paul Gee, aliandika kwamba mtu hutambulika kuwa wa aina fulani kwa njia nne: kwa asili yake, kwa nafasi aliyopewa na taasisi, kwa jinsi watu wanavyomsema na kumchukulia, na kwa kundi analoshirikiana nalo katika shughuli zake. Kipaji kimo kwenye ile ya kwanza tu, na hata hiyo haina uzito mpaka watu waipe maana. Kijana mcheshi, anayejua kueleza jambo likaeleweka, anaweza kabisa kuishia kuwa MC wa harusi pale Mwanjelwa.

"Ukishapata cheti, tayari ni mwalimu"

Muulize mwalimu wa kujitolea. Kamaliza chuo cha Mkwawa pale Iringa, au Kleruu, au Mpuguso kule Tukuyu. Kaomba ajira, majina yametoka, lake halimo. Shule ya kijijini kwao ina upungufu, mwalimu mkuu kamkaribisha, wazazi wanachanga kidogo cha kumpa mwisho wa mwezi. Hana cheki namba, ile namba ya mshahara ya mtumishi wa serikali. Kwa hesabu ya Gee, taasisi iliyompa cheti ipo, ila ile ya kumpa kazi bado haijamtambua. Lakini watoto wanampa "shikamoo mwalimu" kutwa nzima, wazee wenye umri wa kumzaa wanampisha kiti kwenye mkutano wa kijiji, na mwenye duka anamkopesha sukari kwa jina hilohilo la mwalimu.

Na kinyume chake kipo. Jennifer Nias, aliyewahoji walimu wa shule za msingi Uingereza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1989, alikuta watu wenye ajira na mshahara ambao walikuwa wamefundisha miaka kadhaa bila kujihisi kuwa walimu. Walikuwa wanafundisha, basi. Kila ofisi ya walimu ina mtu wa namna hiyo, na wenzake wanamjua hata kabla hajafungua mdomo.

"Mwanachuo huja mtupu, chuo ndicho humjaza"

Hii ndiyo dhana iliyotugharimu zaidi, kwa sababu mitaala ya ualimu imejengwa juu yake. Mwaka 1975 Dan Lortie wa Marekani alikadiria kwamba kijana anayemaliza sekondari ameshakaa mbele ya walimu kwa saa kama 13,000. Akauita muda huo uanagenzi wa kutazama. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi humwona mwalimu kutoka kwenye dawati. Anaona chaki, fimbo, mzaha na hasira. Haoni mwalimu alivyopanga somo jana usiku, wala kwa nini aliacha mfano huu akachukua ule. Anapokanyaga lango la chuo, tayari ana picha kamili ya mwalimu ni nani, na picha hiyo hakuna mkufunzi aliyeichora.

Nenda kaone BTP, mazoezi ya kufundisha, kwenye shule yoyote ya safu za Uporoto. Darasa la tano, Hisabati, mada ya sehemu. Andalio la somo limenyooka: utangulizi, kujenga maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho, na dakika za kila hatua pembeni. Mkufunzi kakaa nyuma na fomu yake. Kwa dakika 40 vikundi vinajadiliana, kadi za maboksi zinagawiwa, watoto wenye masweta mazito wanainama juu ya kadi wakigusana vichwa. Kesho yake mkufunzi yuko shule nyingine. Kadi ziko kabatini. Mwanachuo yuleyule anaandika mfano ubaoni, anageuka:

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo mwalimu!"

"Kuna mwenye swali?"

Kimya. Wanaendelea.

Hakuna chuo kinachofundisha "Tumeelewana?" Aliipata akiwa darasa la pili, kutoka kwa mwalimu ambaye pengine naye aliipata darasa la pili. Si kwamba kijana huyu ni mnafiki wala mvivu. Darasa limejaa, muda unakimbia, na mtu akibanwa hurudi kwenye kile alichokizoea zaidi.

Hapo kwenye andalio pana neno la kusikitisha kidogo: tafakuri. Donald Schön, mwaka 1983, alizungumzia mtaalamu anayefikiri akiwa katikati ya kazi yenyewe, anayeona jambo halijakaa sawa na kubadili mwendo papo hapo, kisha akarudi kulichambua baadaye. Kwetu mara nyingi imebaki hatua ya dakika tano kabla ya hitimisho. Ni mawazo machache yaliyowahi kubanwa kikatili namna hii.

Utafiti wa Kwame Akyeampong na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliongeza jambo lingine. Walimu wapya walitoka chuoni wakijiamini kwamba wanaweza kufundisha kusoma na hesabu, huku uelewa wao wa namna mtoto anavyojifunza vitu hivyo ukiwa finyu. Kwa maneno mengine, picha ya zamani ilikuwa salama salimini, imepakwa rangi mpya ya istilahi. Ndiyo maana watafiti wengi hushauri chuo kianze kwa kumtaka mwanachuo aandike habari za walimu waliomfundisha: nani alimpenda, nani alimtisha, na yeye amebeba nini kutoka kwa kila mmoja. Kazi hii haihitaji bajeti.

"Ualimu ni wa waliokosa pengine"

Kejeli hii ina umri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na walimu wakaandaliwa harakaharaka wakiwa kazini. Mpango huo uliitwa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote; mtaa ukaifumua ikawa "Ualimu Pasipo Elimu". Miaka ya 2000, shule za kata zilipochipuka kila kona, vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na jina la "voda fasta", kama vocha ya simu ya kuingiza chapuchapu. Wapo ambao hadi leo bado wanaitwa hivyo.

Waholanzi Beijaard, Meijer na Verloop, walipopitia tafiti 22 mwaka 2004, walionyesha kwamba utambulisho wa mwalimu haufungwi siku ya kuingia kazini, bali huendelea kujengeka na kubomoka kutokana na mtu mwenyewe na mazingira yake. Mlango ulioingilia ni habari moja, miaka iliyofuata ni nyingine. Ila kejeli nayo ni sehemu ya mazingira. Ukimwita mtu voda fasta miaka kumi, usishangae akianza kufundisha kama vocha.

"Mwalimu mwenye shamba ni mkulima aliyevaa tai"

Hapana. Waholanzi haohao watatu wanasema mwalimu ana vitambulisho vidogovidogo kadhaa ndani yake, na tatizo huja pale vinapogombana. Mwalimu wa Makete mwenye viazi vyake anaweza kuwa ndiye pekee anayefundisha asilimia kwa bei ya gunia, na darasa likaelewa. Wa kumwuliza maswali ni yule anayevuna wakati wa vipindi.

"Utambulisho hupimwa kwa dodoso"

Hii inawahusu wanaoandika tasnifu. "Ninajivunia kuwa mwalimu: nakubali sana, nakubali, sina hakika..." Dodoso linagawiwa na mkufunzi yuleyule anayetoa alama za BTP. Wote wanakubali sana. Linafaa kwa baadhi ya mambo, kama kulinganisha makundi makubwa, lakini halitakuonyesha mwalimu wa kujitolea anayekopeshwa sukari. Connelly na Clandinin wa Kanada, katika kazi yao ya 1999, waliwaachia walimu wasimulie, kwa sababu waliona utambulisho wenyewe unaishi ndani ya simulizi. Hapa Iringa hilo lina faida ya ziada: mtu anayejibu fomu kwa lugha ya ofisi hufunguka ukishabadilishana naye salamu ya "kamwene" na kukaa.

"Anayetetemeka mwaka wa kwanza hafai"

Simon Veenman alikusanya tafiti 83 mwaka 1984 na kukuta walimu wapya wa nchi mbalimbali wakilalamikia mambo yaleyale, la kwanza likiwa nidhamu ya darasa. Mshtuko ni wa kawaida. Kisicho cha kawaida ni kumpa mgeni mkondo wenye watoto wengi kuliko yote na zamu ya wiki ya kwanza, halafu kumwita mzembe ifikapo Machi. Mpango wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, unataka walimu wa shule moja wakutane na kuzungumzia masomo yao wenyewe. Unafanya kazi pale mwalimu mkuu anapouweka ndani ya ratiba. Ukipangwa saa kumi jioni, wakati wanaokaa mbali wanakimbilia Hiace ya mwisho, wanabaki wawili na daftari la mahudhurio.