Pua iliyopasuliwa haiachwi ikauke

Hapa Dodoma mtu akirudi nyumbani baada ya kupasuliwa sainasi (mianya yenye hewa ndani ya mifupa inayoizunguka pua), huambiwa: "Usiguse, acha kidonda kikauke chenyewe." Ushauri huo umezoeleka kwa goti lililochubuka. Ndani ya pua mambo ni kinyume.

Njia za pua ni nyembamba, na kuta zake zina utando laini wenye ute. Damu iliyoganda na vigaga vikibaki humo, kuta mbili mbichi zinazotazamana hunatana, na kovu hujenga daraja kati yake. Sainasi huweza kuziba tena, pengine hata upasuaji ukarudiwa. Ndiyo maana daktari huagiza pua isafishwe kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku, kisha humwita mgonjwa kliniki katika wiki za mwanzo ili yeye daktari avitoe vigaga kwa vifaa vyake. (Haipendezi, lakini huisha upesi.) Maji yawe yamechemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja.

Kiangazi chetu, na upepo wake wa vumbi, huzidisha ukavu puani. Kinachokatazwa hasa ni kuchokonoa kwa kidole, na kupenga kwa nguvu kabla daktari hajaruhusu.